Sifa na Dirisha Lisilofunguka

Kila Jumamosi Sifa aliteka maji, akaosha vyombo, ndipo akaenda kwenye chumba cha kompyuta cha parokia, mtaani Kasuku. Jumamosi hiyo alifika amechoka hoi, tena akiwa na mgeni wa nyumbani kwao, Mama Josiane. Mama huyu alikimbia vita huko mashariki, na katika purukushani za njiani, karibu na Lubutu, mwanawe Bienfait akampotea. Redio ilikubali kusoma tangazo la kumtafuta jioni ile, mradi liwe limechapwa vizuri.

"Nitalichapa mimi," Sifa alikuwa amejigamba. "Kompyuta ninaijua sana!"

Kuijua gani! Alichojua ni kunakili amri iliyoandikwa ukutani kwa rangi: emacs -nw. Mwalimu Onema, aliyefundisha kompyuta hapo, alipouliza darasani kama wameelewa, Sifa ndiye aliyeitikia kwa sauti kuliko wote.

Aliiandika amri. Programu ya kuandikia ikafunguka ndani ya ukurasa mweusi, na hata alipobofya panya, hakuna kilichotokea. Aliandika tangazo lote, lakini hakujua alichape vipi. Alizima, akaanza upya. Yaleyale! Nje jenereta ilianza kukohoa, petroli ikielekea kwisha.

"Bado, mutoto?" Mama Josiane aliuliza kutoka kwenye benchi, kwa sauti iliyochoka.

"Karibu, Mama."

Ulikuwa uongo, na Sifa aliona aibu mpaka machozi yakamlengalenga. Akainuka, akamwendea mwalimu.

"Mwalimu, nilisema nimeelewa. Sikuelewa kitu."

Mwalimu Onema alijifuta jasho. Hakumcheka. Alitazama mashine, kisha ukuta, akaguna.

"Aa! Kosa ni letu pia. Miaka ile ya vita tulikuwa na mashine moja dhaifu, hata panya haikuwa nayo, ndipo tukaandika amri hiyo ukutani. Huo mukia wa -nw ndio unaiambia programu isifungue dirisha. Mashine hizi za sasa zina nguvu. Andika jina peke yake."

Sifa aliandika emacs tu. Dirisha jeupe likafunguka, na juu yake menyu za kuhifadhi na kuchapa. Alipiga herufi mbiombio, na karatasi ikatoka jenereta ikiwa bado inanguruma.

Tangazo likasomwa redioni, na Jumatatu simu ilitoka Lubutu: Bienfait yuko hai, amehifadhiwa na muuza mihogo. Mama Josiane alikaa chini kwenye vumbi, akalia. Sifa alimwomba msamaha kwa kumdanganya.

"Nimekusamehe," Mama Josiane alisema, akimshika mkono. "Lakini sikiliza. Mimi njiani niliuliza kila mutu, hata askari niliokuwa ninawaogopa. Aibu ningeitoa wapi? Kitu usichokijua, mwanangu, sema mapema kwamba hukijui. Ukinyamaza ili usichekwe, kuna mutu nyuma yako anayeendelea kungoja."