Vidole vya Bibi Msasa

Kila alasiri alipotoka shule, Chiriku aliisikia karakana ya baba yake kabla hajaiona. Kwanza msumeno, kisha nyundo, halafu chini ya kelele hizo zote, sauti ya taratibu ya msasa ikilainisha mbao: fyaa, fyaa, fyaa. Huyo alikuwa bibi yake, mama mzazi wa Baba, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Msasa. Baba alikata mbao na kuziunga. Bibi ndiye aliyezilainisha. Akimaliza, alifumba macho na kupitisha ncha za vidole juu ya ubao. Kama kulikuwa na kibanzi kimejificha, alikipata.

Jina la Chiriku nalo lilitoka mtaani, kwa kuwa mdomo wa msichana huyo haukujua likizo. Alikuwa akiingia, anatupa mkoba, anakaa juu ya rundo la mbao na kumwaga habari zote za shule. Lakini akiambiwa ashike msasa, papo hapo alikumbuka kwamba ana hesabu nyingi za kufanya.

Siku moja alikuta karakana iko kimya. Bibi na Babu walikuwa wamerudi kutoka ofisi ya viza. Bibi alikaa kwenye benchi, ameinamia viganja vyake.

"Vipi? Mmenyimwa?" Chiriku aliuliza.

"Mimi wamenipitisha," alijibu Babu, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa karani. "Nimeweka vidole juu ya kioo cha mashine yao, taa ikawaka kijani, basi. Ila bibi yako mashine imemkataa. Inasema hana alama za vidole."

Chiriku aliangua kicheko, akidhani ni utani wa Babu. Kisha akaona machozi kwenye macho ya Bibi, kicheko kikamkauka mdomoni.

Safari hiyo ilikuwa imesubiriwa muda mrefu. Shangazi, dada yake Baba, alikwenda ng'ambo kusomea uuguzi kabla Chiriku hajazaliwa. Akapata kazi, akabaki hukohuko. Kwa miaka yote hiyo Bibi alikuwa akimwona mwanawe kwenye simu tu, na mara nyingi picha iliganda kabla hawajaagana. Sasa Shangazi alikuwa amepata kibali cha kuwachukua wazazi wake wakaishi naye. Sanduku lilikuwa limeshatolewa uvunguni na kupigwa vumbi.

Lakini msasa ulikuwa umefuta mistari yote kwenye ncha za vidole vya Bibi. Karani wa mashine, mtu muungwana, alimshauri apumzishe mikono, aipake mafuta, asiguse kitu chochote cha kukwaruza, arudi baada ya wiki sita. Mashine ikimkataa tena, maombi yake yangerudishwa.

"Wewe tangulia," Bibi alimwambia Babu kwa sauti ndogo.

"Mimi? Siendi popote bila wewe. Nani atanitafutia miwani?"

"Iko kichwani kwako," Bibi alijibu bila kuinua uso.

Baba alijikuna kidevu. "Na kile kitanda cha mtoto alichoagiza mwalimu je? Mke wake anakaribia kujifungua. Mimi nina milango ya watu hapa, sijui nani atapiga msasa."

"Mimi!" alisema Chiriku. Neno lilikuwa limeshatoka, na wote watatu walikuwa wanamtazama.

Bibi alimfundisha kwa maneno tu, mikono ikiwa mapajani. "Fuata nyuzi za mti, usizikate. Anza na msasa wa kukwaruza, maliza na ule laini. Na huo laini ndio unaochosha, nakwambia mapema usije ukasema sikukwambia."

Zikaanza wiki za ajabu nyumbani. Bibi alivaa glavu nyeupe za pamba, vidole vikielea ndani ya mafuta. Babu akateka maji, akamenya viazi, akaosha vyombo na kuvunja baadhi yake. "Naishi na malkia siku hizi," alilalamika, na Bibi alimnyooshea mkono wenye glavu ili aubusu. Chiriku naye alirudi shule na kwenda moja kwa moja kwenye msasa. Mabega yalimuuma na unga wa mbao ulimjaa puani, lakini miguu ya kitanda ilitoka laini, na Baba alimsifu.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye fito za pembeni, nyembamba na nyingi. Alasiri moja, siku chache kabla ya miadi ya ofisi ya viza, wenzake walipita wakielekea uwanjani na kumwita. Chiriku alikuwa amebakiza upande mmoja mzima. Akaulipua. Alisugua kwa msasa wa kukwaruza tu, akakata nyuzi ovyo, kisha akafunika makosa yake kwa vanishi nzito. Kitanda kikang'aa.

"Fito zote umezipitishia msasa laini?" Baba aliuliza akiwa ameinamia mlango wake.

"Zote, Baba!" Na mbio uwanjani. Vidole pekee ambavyo vingejua vilikuwa ndani ya glavu.

Vanishi ikakauka. Siku moja kabla ya miadi, Chiriku alipofika kona ya karakana alisikia sauti ambayo hakuitegemea. Fyaa, fyaa, fyaa. Akakimbia. Glavu zilikuwa juu ya benchi, na Bibi alikuwa amepiga magoti mbele ya kitanda, msasa mkononi.

"Bibi! Vidole vyako!"

"Shh! Baba yako atasikia. Nimekatazwa kutumia vidole, nikaona niweke shavu. Upande huu una vibanzi. Mtoto mchanga atalala hapa, mjukuu wangu. Nadhani hapa baba yako alikusaidia, akapitiwa. Ngoja nimalizie, ni hizi chache tu."

Chiriku aliutazama msasa mkononi mwa Bibi. Akinyamaza, kazi itamalizika na Baba ndiye atakayeonekana alipitiwa. Lakini kesho asubuhi vidole hivyo vitawekwa kwenye kioo. Alijiona mwovu. Akaushika ule msasa, akautoa taratibu mkononi mwa Bibi.

"Baba hakupitiwa. Ni mimi. Nililipua kazi, halafu nikadanganya."

Baba alikuwa mlangoni, na alikuwa amesikia yote. Chiriku alingoja akemewe.

"Sasa utafanyaje?" Baba aliuliza tu.

"Naanza upya. Leo hii."

Alikwangua vanishi yote ya upande ule. Alipiga msasa wa kukwaruza, akafuata nyuzi, akaingia kwenye ule laini na kukaa nao, ufito mmoja mmoja. Bibi, akiwa amerudishiwa glavu na mafuta, alikaa juu ya mikono yake asije akasaidia. Kila ufito ulipokamilika, aliinama na kuweka shavu. "Bado," alisema. Kisha, "Bado kidogo." Jua lilikuwa linatua aliposema, "Hapa hata mimi ningelala."

Asubuhi familia nzima ilikwenda. Mkono wa kushoto: kijani. Vidole vya mkono wa kulia: kijani. Kikabaki kidole gumba cha kulia, kile kinachobana msasa. Nyekundu. Karani alifuta kioo. "Jaribu tena, mama, bonyeza polepole." Nyekundu. Babu alishika bega la Chiriku akalikaza. Bibi alivuta pumzi, akaweka kidole mara ya tatu.

Kijani!

Mama mmoja kwenye foleni, asiyewajua kabisa, alipiga kigelegele. Babu alijaribu kucheza, miwani ikaanguka. Viza zilipotoka, Shangazi alipiga ukelele kwenye simu hata Baba, aliyekuwa chumba cha pili, akaja mbio.

Usiku wa kuamkia safari, Bibi alimwita Chiriku, akavua glavu na kuushika mkono wake.

"Ungenyamaza siku ile, ningemaliza zile fito zote, na hiki kidole gumba kingenirudisha nyumbani," alisema. "Kazi ukiilipua haiishi, mjukuu wangu. Inamngoja mtu mwingine aje aimalize kwa mikono yake. Kukosea si ajabu, hata mimi nimeharibu mbao nyingi. Lakini wewe ulisema kweli ukiwa na nafasi ya kunyamaza, halafu ukarudia kazi. Kwa hilo naondoka nikiwa na amani."

Kisha akaugeuza mkono wa Chiriku kwenye mwanga wa taa na kucheka. "Hebu ona, mistari imeshaanza kufifia. Shauri yako na mashine zao!"

Wiki iliyofuata, mwalimu alipita karakana kumshukuru Baba kwa kitanda. Alisimama nje, akatega sikio. Fyaa, fyaa, fyaa.

"Kumbe Bibi Msasa hajasafiri?"

"Amesafiri," Baba alisema, akijaribu bila mafanikio kuficha tabasamu. "Ingia umwone huyu aliyebaki."