Chini ya Maji Hakuna Kubishana

"Wewe unafanya nini humu?"

"Nikuulize wewe," mkewe alijibu, huku akihangaika na zipu ya nguo ya kuzamia. "Kwani boti ya baba yako hii?"

Fundi alibaki kasimama na begi mkononi. Boti ilishaacha gati, na kuogelea kwake hakukuwa kwa kurudi nchi kavu. Simu yake ikalia. Ni ujumbe wa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyefanya kazi ofisi ya hizo boti za kukodi.

"Shemeji usinune. Wateja wawili wameahirisha, nafasi moja nimekupa wewe, nyingine dada. Hamrudi kabla ya mchana. Ongeeni."

"Kakuandikia na wewe?" mke akauliza.

"Kaniandikia."

"Nikifika namnyonga."

"Mimi nitakushikia miguu yake."

Mke alitaka kucheka, akakumbuka kuwa wamegombana.

"Nasikia Jumatatu unaondoka. Mkataba wa mwaka, bandari ya mbali."

"Nani kakuambia?"

"Muuza maziwa. Habari za mume wangu mimi naletewa pamoja na maziwa."

Ugomvi wao wote ulikuwa hapo. Mwanzoni mwa mwaka mke alisikia mtaani kwamba mumewe, mchomelea vyuma, anatafuta kazi ya mbali. Wakarushiana maneno, Fundi akahamia karakana yake, mke akabaki na watoto na tanuri lake la mikate. Sasa kazi imepatikana, na kwa mara nyingine mke kasikia kwa watu. Fundi alijua kabisa kwamba akiondoka hivi hivi, hana nyumba ya kurudia.

Mwalimu wa kuzamia, msichana mwembamba mwenye sauti ya kamanda, akawakatiza.

"Nyie wawili ndiyo mara yenu ya kwanza, mtashuka na mimi. Kila mmoja amkague mwenzake. Mikanda, mtungi, hewa."

"Hakuna mwenzangu mwingine?" mke akauliza.

"Yupo nahodha, ila tukimchukua boti itabaki na nani?"

Fundi akavuta mkanda wa mtungi mgongoni kwa mkewe. "Unabana?"

"Unabana tangu siku ya ndoa."

"Temeni mate kwenye miwani, isishike ukungu," mwalimu akasema.

"Nipe na ya huyu," mke akasema. "Mate ninayo ya kutosha."

Wakashuka wakifuata kamba ya nanga. Mwalimu akaunganisha kidole na gumba, duara: mko sawa? Fundi, roho kwatu, akamnyooshea dole gumba. Mwalimu akawakamata wote wawili, akawapandisha taratibu mpaka juu.

"Kuna tatizo gani?"

"Tatizo? Mimi nimesema safi."

"Dole gumba maana yake twende juu. Si nilieleza?"

"Alieleza," mke akasema, maji yakimchuruzika puani. "Tukieleza huyu huwa anaangalia pembeni."

Nahodha alicheka peke yake kule botini.

Wakashuka tena. Fundi, kwa kutaka kufuta aibu, akatangulia mbio, mara akahisi pezi la mguuni mwake limeshikwa. Mwalimu alikuwa anamwonyesha juu. Mkewe alikuwa kang'ang'ania kamba, kiganja sikioni, macho yamemtoka ndani ya miwani.

Nchi kavu angemwambia jikaze, mbona mimi nimeshafika. Huku alikuwa na mpira wa hewa mdomoni. Akapanda mpaka alipo mkewe, akamtengenezea duara: sawa? Mkono wa mke ukayumba: bado. Akasubiri. Mke akabana pua, akapuliza kuzibua masikio. Sawa? Bado. Akasubiri tena, na akashangaa kwamba kusubiri hakumuumizi popote. Alikuwa anamtazama tu. Muda mrefu hakuwa amemtazama hivyo.

Mwishowe mke akafanya duara. Kwa mkono mwingine akamshika mumewe, wakashuka sambamba.

Chini kulikuwa na matumbawe, na samaki wa mistari waliopita bila habari nao. Kisha samaki mmoja mkubwa akachomoza pangoni, kanuna, midomo imening'inia. Mke akamwonyesha samaki, halafu akamwonyesha mumewe. Fundi alicheka mpaka maji yakaingia kwenye miwani.

Waliporudi botini walikaa, taulo mabegani.

"Jumatatu," Fundi akaanza, akasita. "Niende, nisiende?"

Mke akaacha kukausha nywele. "Unaniambia au unaniuliza?"

"Nakuuliza."

"Na nikikataa?"

"Nampigia bosi sasa hivi atafute mtu mwingine."

Mke akamkodolea macho, akitafuta uongo. Hakuupata.

"Nenda," akasema. "Watoto wanakua, na mikate peke yake haiwatoshi. Shule zikifungwa tunakufuata."

"Yaani ningekuuliza tangu mwanzo..."

"Ningekubali kabla hujafunga mdomo. Umelala juu ya vyuma miezi yote hiyo bure, baba watoto."

Fundi akajipiga kofi kwenye paji la uso, akacheka kwa uchungu, kisha akacheka kweli.

"Sasa mpaka hiyo Jumatatu nilale wapi, mama watoto?"

"Kitandani kwako. Ila uoge kwanza, unanuka mpira."