Mnyororo Kooni mwa Twalib

Spika zilikuwa hazijawashwa, lakini mnyororo ulisikika ukiburuzwa.

Twalib alikagua nyaya, akapuuza. Yeye ndiye aliyekuwa mtafsiri wa sinema kwenye banda la video pale Chang'ombe, na watu walikuja kwa ajili ya koo lake. Alasiri hiyo aliweka sinema ya kale, bubu kabisa: bwana kamfunga mtumwa wake wa kike, dhamiri inamtafuna, mwisho anamfungulia. Kwa kuwa haikuwa na maneno, Twalib aliona ni uwanja wake. Akamsemea mwanamke yule kwenye maikrofoni kwa sauti nyembamba: "Bosi, kaza pingu kidogo, hewa inapita."

Banda likaangua kicheko.

Kwenye skrini, mwanamke akageuka. Hakumtazama bwana wake, alitazama huku, kwa Twalib, na harufu ya kutu na jasho ikajaa banda hadi waliokaa nyuma wakaziba pua, na maikrofoni ikasema kwa sauti ya Twalib ilhali midomo ya Twalib imefumba: "Ufunguo wa Bupe uko wapi?"

Kicheko kilikatika. Majirani walimjua Bupe, dada wa kazi wa nyumbani kwa Twalib, kutoka Tukuyu, simu yake imefichwa kabatini, geti likitiwa kufuli kila Twalib akitoka, maana mama yake Twalib kapooza na Bupe ndiye wa kumgeuza. Walijua kwa miaka mitatu. Walinyamaza.

Twalib alitaka kutania. Sauti haikutoka.

Akaenda kwa Bi Mwanaasha, mganga wa Tandika, akamwandikia shida yake kwenye karatasi. Bi Mwanaasha alifukiza udi, akanusa, akauzima mwenyewe.

"Huyu hatoki kwa udi, mwanangu. Umemsemea uongo, kakuchukulia mdomo. Kamfungulie yule binti, mpe simu yake aende kwao. Sauti itarudi."

Alifika nyumbani ufunguo ukiwa mkononi. Bupe alisimama nyuma ya geti, kashika kifurushi.

"Shikamoo, kaka," alinong'ona. "Kuna mama kapita, ana makovu ya pingu. Kasema leo utanifungulia."

Ndani, mama yake alikohoa, akaomba ageuzwe. Twalib akawaza mashuka, vidonda vya mgongoni, usiku mzima peke yake. Kesho, alijiambia. Akaingia, akafunga kufuli, akautia ufunguo mfukoni.

Akafungua mdomo amwambie Bupe aweke kifurushi chini. Kooni ukasikika mnyororo, ukiburuzwa.