Kiinua Mgongo cha Wilibrodi

Asubuhi ile ya baridi, Dominika alipepeta ulezi uani. Mumewe, Wilibrodi, alikuwa akikagua mitungi ya pombe na kupiga mluzi. Heri yake! Mwezi huo alikuwa anastaafu kazi kwenye mashine ya kusaga ya mtu binafsi, pale Sumbawanga.

Mashine ile ilikuwa na mfuko wa uzeeni. Kila mwezi mfanyakazi alikatwa kidogo, na tajiri wake aliongeza kidogo. Sasa Wilibrodi aliambiwa achague. Achukue kiinua mgongo chote kwa mkupuo, au alipwe kidogo kidogo kila mwezi mpaka kufa. Jibu lilitakiwa kesho yake.

"Nachukua chote," alisema Wilibrodi. "Naezeka bati. Naita ukoo mzima kutoka Mpui, wanywe mpaka wachoke."

"Halafu tutakula nini, baba Silvana?"

"Mungu si Athumani!"

Dominika hakucheka. Aliwafikiria majirani zao, Zenon na mkewe Marsiana. Zenon alikuwa msimamizi palepale mashineni. Alipostaafu alichukua chote. Shangazi wakaja, wajomba wakaja, hata wasiojulikana walikotoka wakaja. Wakanywa, wakamsifu, wakaondoka. Sasa Zenon alikuwa akiuza bati za nyumba yake moja moja. Dominika aliogopa, aliogopa kweli.

Jioni alimwita Atusaye, mwalimu wa kisomo cha watu wazima.

"Shikamoo, baba Silvana."

"Marahaba, mwalimu. Wewe umetumwa!"

"Nimetumwa," Atusaye alicheka. "Hebu niambie, ukivuna ulezi, unaupikia pombe wote?"

"Ala! Mimi kichaa? Masika nitakula nini?"

"Basi na mfuko ni hivyo hivyo. Kiinua mgongo kinakuinua siku moja. Malipo ya kila mwezi yanakushikilia usianguke tena. Ndiyo maana watu waliofanya kazi pamoja hawazeeki sawa. Na kaka yako Adolfu kule Mpui? Amelima maisha yake yote, hana mfuko wowote. Akikwama, anakuja kwako. Ukimaliza chote, mtakwama wote."

Wilibrodi alikuna kichwa. "Ukoo utasema mimi bahili."

"Tupike pombe ya ulezi wetu wenyewe," alisema Dominika haraka. "Waje na majembe. Watuinulie matuta, kisha wanywe. Nani atasema umemnyima?"

Wilibrodi alirudi kukagua mitungi yake. Kesho yake aliondoka kwenda mashineni. Dominika alishinda mlangoni, hata uji ulimshinda kunywa. Mumewe aliporudi, alisema neno moja tu.

"Kidogokidogo."

Dominika aliketi chini akalia.

Ukoo ulikuja na majembe. Walilima, wakanywa, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Hakuna aliyenuna.

Mvua zikaja, na njaa ya masika nayo ikaja. Kila mwezi Wilibrodi alipokea malipo yake, na Dominika alinunua unga. Siku moja Zenon alisimama uani, jembe begani.

"Nipe kibarua, Wilibrodi," alisema akitazama chini. "Hata palizi."

Wilibrodi aliona haya, kana kwamba ni yeye aliyekuwa akiomba.

"Weka jembe chini, msimamizi wangu," alisema. "Kamwite Marsiana, tule kwanza."

Dominika aliongeza maji sufuriani, akasonga ugali wa watu wanne.