Vijinoti vya Kiyoruba

Vyote! Jamani, alivisoma vyote! Mbele ya darasa zima, mbele ya wageni wa kampuni, Lekan, mwanafunzi mwenzetu, kavisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, na mimi Ebun niko kiti cha nyuma natafuta shimo la kujifukia!

Ngoja, nimeruka mbele. Nianzie jana.

Tuko Yaba, wiki ya nane ya mafunzo ya React, ile ya kutengenezea tovuti. Ni vitendo tu, wawili wawili kwenye kompyuta moja: mmoja anaandika, mwenzake anaongoza, dakika ishirini mnabadilishana. Mwenzangu ni Kamsi. Kijana mkimya, vidole virefu, basi tu. Wiki ya tatu jenereta ikaunguza kompyuta yangu, tukabaki na yake. Nikasahau kitu cha kijinga: kila mstari wa programu unahifadhiwa kwa jina la mwenye kompyuta.

Jana mwalimu wetu, Madam Osaretin, akafungua kumbukumbu za mistari kwenye skrini ya ukutani.

"Kamsi, mistari elfu mbili. Ebun, tisini. Dada, wewe ulikuwa unakuja kula puff-puff?"

Darasa likaangua kicheko. Kampuni inayokuja kutukagua ina nafasi moja tu ya kazi, ya aliyefanya vizuri kuliko wote. Nikamtazama Kamsi. Akatazama viatu vyake.

Nikatoka. Sijafika hata kwa muuza boli, zile ndizi za kuchoma, simu ikaita.

"Ebun, nisikilize..."

"Ulikuwa na mdomo, Kamsi!"

"Niliogopa. Mama ameshatangaza kanisani kwamba kazi nimepata."

"Basi kaile hiyo kazi na kanisa zima!"

Nikakata. Ikaingia meseji: "Njoo kesho. Nakuomba."

Nikajibu: "Kesho nina kazi ya kukuchukia."

Nilienda, jamani. Ningekaaje nyumbani?

Leo Kamsi kasimama mbele ya wageni wa kampuni na tovuti yetu ya kuagiza chakula. Mgeni mmoja, mama mwenye kilemba kama mlima, akasema:

"Niongezee kitufe cha kufuta oda. Hapa hapa."

Kamsi akaondoa mikono kwenye kompyuta.

"Sehemu ya oda kaiandika Ebun, mama. Nusu ya mistari yenye jina langu ni yake. Jana nilinyamaza, nikakosea."

Madam Osaretin akakunja uso.

"Leo ndipo unakumbuka? Ushahidi uko wapi?"

"Someni vijinoti."

Nikiandika huwa naacha vijinoti katikati ya mistari. Kompyuta inaviruka, ni vya watu. Vyangu naandika Kiyoruba.

"Mimi Mwigbo, Madam. Kiyoruba changu kinaishia kwenye kuagiza ugali wa amala," Kamsi akasema.

Lekan akaruka mbele kama aliyekuwa anangoja.

"Natafsiri! 'Hapa usiguse, jumla ya oda itaharibika.'"

"Endelea," mama wa kilemba akasema.

"'Hapa nimekwama. Jirani ananukia vizuri mno.'"

"Lekan!" nikapiga kelele.

"'Leo kavaa shati la bluu. Kazi haifanyiki. Mungu nisaidie.'"

Watu wakaanguka kwa kicheko! Mama akafuta machozi kwa ncha ya kilemba.

"Mwenye vijinoti aje."

Kamsi akanivutia kiti. Cha kwanza kabisa nikafuta jina lake kwenye kompyuta, nikaweka langu. Kitufe kikagoma. Nikarudia. Kikakubali!

"Kazi ni yako, binti," mama wa kilemba akasema.

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Kamsi. Akanifuata nje.

"Mama yako utamwambia nini?" nikamuuliza.

"Kanisa liombe tena."

Ndipo nikaona.

"Kamsi. Hilo shati..."

"Jana jioni nilimpelekea Lekan anisomee vijinoti."

"Vyote?"

"Vyote. Nikarudi nyumbani, nikapiga pasi la bluu."

Bado nimemkasirikia. Kidogo. Akaniuliza pale pale kama nitatoka naye jioni hii, nikamjibu bila hata kuvuta pumzi, na jibu lenyewe nawaambia kesho, maana yuko getini na boli ya moto na mimi sijavaa viatu!