Sura ya Nne Haifunguki

Kila Jumamosi asubuhi ofisi ndogo ya Laurence, mtaani Mbugangari, hujaa watu kuliko kazi. Mmoja kaja kuchapisha barua, watatu wamemsindikiza, na wengine wanapumzika tu wakitoka mpakani, Petite Barrière, masikio wazi. Ikirezi, mpwa wake wa miaka kumi na mitatu, huketi kwenye kompyuta, kati ya ukuta na benchi la wageni. Benchi likijaa, hana pa kupita.

Wiki ile shangazi Laurence alikuwa akimalizia maelezo ya programu ya kuorodhesha dawa, Ikirezi akimsaidia kuandika. Yangesomwa kwenye kompyuta, si kwenye karatasi. Kila sura iliandikwa jina lake juu; kompyuta yenyewe ikayakusanya majina kwa mpangilio, ikaweka chini ya kila sura maneno mawili, Nyuma na Mbele. Ukibonyeza Mbele, sura inayofuata inafunguka.

"Sura ya nne umeiandika?" shangazi alimuuliza Ikirezi. "Na umebonyeza Mbele tangu mwanzo hadi mwisho?"

"Ndiyo, shangazi."

Ikirezi hakuwa amebonyeza hata mara moja. Jirani yao Epiphanie alikuwa akisimulia harusi iliyovunjika, na mambo yalikuwa yamefika patamu.

Mara akaingia muuguzi Anastase, kofia mkononi, kuja kuchukua programu hiyo. Boti ya saa nne ingempeleka kwenye zahanati yake kando ya ziwa, ambako hakuna wa kumuuliza chochote. Shangazi akampa disketi yenye programu na maelezo, naye akaketi kuyajaribu. Sura ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mbele. Ikarudi ya pili! Akajaribu tena. Ya tatu, ya pili. Ya tatu, ya pili.

"Eh, muganga!" Epiphanie akapiga makofi. "We iko unazunguka kama mulevi anatafuta nyumba yake!"

Benchi zima likacheka. Anastase akajifuta jasho.

"Bon, kosa ni ya mimi. Hii mikono inajua sindano tu. Donc, nitabaki na daftari yangu." Akairudisha disketi mezani.

Ikirezi akautazama mlango. Magoti ya wageni yalikuwa yameuziba.

"Muganga, usiende! Si wewe, ni mimi. Shangazi, nilidanganya. Sikubonyeza."

Anastase akageuka.

Shangazi akaifungua sura ya nne. Ikirezi alikuwa ameinakili ya pili ili aandike juu yake; akabadilisha maneno yote, jina akaliacha. Kompyuta ikilitafuta jina hilo, ilikutana na sura ya pili kwanza. Shangazi akarekebisha jina, akaiamuru kompyuta iunganishe sura upya.

"Sasa bonyeza wewe, watu wakiona."

Ikirezi akabonyeza hadi sura ya tisa, ya mwisho, Epiphanie akihesabu kwa sauti. Shangazi akanakili maelezo upya kwenye disketi; Anastase akaichukua, akakimbilia boti.

"Kusahau jina si dhambi, mwanangu," shangazi akasema. "Hata mimi husahau. Lakini uliposema ndiyo, nilikuamini. Muganga akaniamini mimi. Mwisho mtu mwema akajiona mjinga. Kazi ambayo hukuikagua, sema hukuikagua."

Kisha akaligeukia benchi. "Na nyinyi, sogezeni magoti. Mtoto apite akanywe chai."