Madoa ya Kijani Kwenye Seli ya Kitunguu

Miaka ile, chumba cha sayansi kilinuka vitunguu na ayodini, na harufu hiyo haijamtoka Msumari puani mpaka leo. Msumari lilikuwa jina la utani alilopewa shuleni kwa wembamba wake.

Hadubini ilikuwa moja, wanafunzi tele. Kila mmoja alibandua ngozi nyembamba ya kitunguu, akaiweka kwenye kioo, akaidondoshea ayodini, kisha akangoja zamu ya kuchungulia. Mchoro bora ungebandikwa ukutani, pale ulipowahi kukaa mchoro wa dada yake kabla hajaolewa mbali. Msumari alimkumbuka sana dada yake. Aliutaka ukuta ule kuliko kitu kingine chochote.

Zamu yake ilipofika, aliona ukungu mtupu. Wenzake walimsukuma kwa nyuma, naye akaona haya kusema. Alipofika nyumbani, alitoa mchoro wa zamani wa dada yake, akaunakili mstari kwa mstari. Ukapendeza kwelikweli, lakini njia ya mwongo ni fupi.

Kesho yake mwalimu wa sayansi aliutazama, akamwuliza taratibu, "Haya madoa ya kijani ni nini?"

"Kloroplasti, mwalimu. Hutengeneza chakula cha mmea kwa mwanga wa jua."

"Vizuri. Na kitunguu ulichobandua hukulia wapi?"

"Ardhini..." Msumari akaishia hapo. Ardhini hakuna jua. Alikuwa amenakili seli ya jani.

Machozi yakamtoka, akasema yote. Mwalimu hakumgombeza. Alimkalisha kwenye hadubini, akamwonyesha kuzungusha skrubu polepole, na ule ukungu ukatoweka. Seli zilijipanga kama matofali. Kila moja ilikuwa na ukuta unaoipa umbo, na ndani yake kiini, kitone cha kahawia kinachoongoza kazi zote za seli. Msumari alisahau hata kupangusa machozi.

Mchoro wake wa pili ulipinda kidogo, wala haukuwa na kijani hata chembe. Mwalimu akaubandika ukutani mwenyewe.

"Dada yako aliona jani, akachora jani," alimwambia. "Ukitaka kumfuata, mwanangu, usichukue mchoro wake. Chora unachokiona. Na usipoona, sema huoni, maana hapo ndipo mwalimu anapoanza kukufundisha."